Dawa inagoma ilhali kishimo chake hakijaguswa: uzi wa mwanabiofizikia wa kompyuta

MLETA UZI
Wakuu, salaam. Kazi yangu ni protini, lakini protini zenyewe sizishiki kwa mkono. Nazitazama zikitikisika ndani ya kompyuta, atomi moja moja, na swali ninalolipwa kulijibu ni kwa nini dawa iliyokuwa ikifanya kazi huacha kufanya kazi. Wengi wakisikia hivyo huuliza kama mimi ni daktari au fundi kompyuta. Si huyu wala yule. Naweka mambo hapa kidogo kidogo. Mwenye swali aulize, mwenye kupinga apinge.

Shuleni tulifundishwa kufuli na ufunguo. Protini ni kufuli, dawa ni ufunguo, na usugu ni pale mdudu anapobadilisha tundu la kufuli. Kwa mtihani mfano huo unatosha. Ila ukikaa na orodha ya mabadiliko yanayokutwa kwa wagonjwa ambao dawa imegoma kwao, utaona mengi yako mbali kabisa na tundu.

Chukua protiezi ya VVU. Ni kimeng'enya kidogo, vipande viwili pacha vyenye asidi amino 99 kila kimoja, vimekumbatiana. Kazi yake ni kukata mnyororo mrefu wa protini za kirusi ili kirusi kikomae. Dawa ya kwanza ya kuziba mahali pake pa kukatia, saquinavir, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1995. Usugu haukuchelewa, na mojawapo ya mabadiliko yaliyojirudia lilikuwa kwenye nafasi ya 90: asidi amino ya leusini inatoka, ya methionini inaingia. Kwenye fani tunaliandika L90M. Sasa fungua picha ya muundo uitafute hiyo nafasi ya 90. Haigusani na dawa. Imejificha ndani, karibu na pale pacha wawili wanapokutana.

Imekuwaje basi? Protiezi ina vifuniko viwili juu ya kishimo chake, yaani pale pa kukatia ambapo dawa hukaa. Vinafunguka kupokea mnyororo, vinafunga, mnyororo unakatwa, vinafunguka tena. Badiliko la mbali linaweza kugeuza jinsi vifuniko vinavyocheza, au likasukuma jirani, jirani akasukuma jirani, hadi asidi amino zinazokata zikasogea kidogo. Dawa inapoteza mshiko, lakini mnyororo wa asili bado unakatwa. Kirusi hakihitaji kuifukuza dawa moja kwa moja. Kinatosheka na kuponyoka kidogo huku kimeng'enya kikiendelea kuchapa kazi.

Kwamba protini hazitulii lilikuwa jambo la wazi tangu mwanzo, kwa anayetaka kuliona. Mwaka 1958 John Kendrew na wenzake walipata muundo wa mayoglobini, protini ya misuli inayoshika oksijeni, kwa kupiga eksirei kwenye fuwele, na mwaka 1962 yeye na Max Perutz wakapewa Nobeli ya Kemia. Ukiutazama muundo ule kana kwamba ni jiwe, hakuna njia ya oksijeni kufika kwenye chuma kilichomo katikati. Njia imezibwa. Na tunajua oksijeni huingia na kutoka kila wakati, kwa hiyo lazima kuta zipishane.

Kuziona kuta zikipishana kulisubiri kompyuta. Mwaka 1977 J. Andrew McCammon, Bruce Gelin na Martin Karplus walichapisha simulesheni ya kwanza ya mwendo wa protini, yaani kuuigiza mwendo huo kwa hesabu za kompyuta: kizuizi cha tripsini kutoka kongosho la ng'ombe, asidi amino 58, bila maji kuizunguka, kwa muda usiofika pikosekunde 10 (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Leo mwanafunzi anaifanya hiyo kabla hajainuka kwenye kiti. Wakati ule ilikuwa habari kubwa, maana wengi walizizoea protini kama sanamu za plastiki zilizosimama mezani.

MDADISI
Mkuu naweka kambi hapa. Swali la mtu wa kawaida: kama sheria za fizikia mnazijua na kompyuta mnazo, si mnabonyeza tu jibu linatoka? Ugumu uko wapi?

MLETA UZI
Ugumu ni muda, mkuu. Tunachofanya ni hivi: tunaweka protini ndani ya sanduku la maji na chumvi, kila atomi inapewa kani kutoka kwa zinazoizunguka, halafu sheria ya Newton inatuambia itasogea wapi. Tunasogeza, tunapiga hesabu upya, tunasogeza tena. Hatua moja haiwezi kuwa ndefu, kwa sababu vifungo vya atomi hutetemeka kwa kasi mno. Kwa kawaida ni femtosekunde 2 hivi. Sekunde moja ina femtosekunde bilioni milioni moja, yaani 1 ikifuatwa na sifuri 15.

Sasa piga hesabu. Mikrosekunde moja, sehemu ya milioni ya sekunde, ni hatua milioni 500. Milisekunde moja, sehemu ya elfu ya sekunde, ni hatua bilioni 500, na kila hatua ina makumi ya maelfu ya atomi zinazovutana na kusukumana. Kadi moja nzuri ya GPU, ile chipu ya michoro ya kompyuta, hukupa mamia ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) kwa siku. Sema inakupa 500: milisekunde moja itakuchukua zaidi ya miaka mitano. Na mambo yanayoamua usugu, kama kifuniko kufunguka au kishimo kilichojificha kujitokeza, mara nyingi yanatokea kwenye mikrosekunde, milisekunde au zaidi.

Watu wamelikabili hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni nguvu. David Shaw, aliyetajirika kwenye biashara ya fedha kabla ya kurudi kwenye sayansi, aliunda maabara iliyojenga kompyuta maalumu iitwayo Anton, chipu zake zikiwa zimebuniwa kwa kazi hii tu. Mwaka 2010 wakachapisha milisekunde nzima ya protini ile ile ya 1977. Toka pikosekunde zisizofika kumi hadi milisekunde, zaidi ya mara milioni 100, ndani ya miaka 33.

Ya pili ni ujanja, na mimi ndiyo ninayoishi nayo. Badala ya safari moja ndefu, unafanya maelfu ya safari fupi kutoka mikao tofauti ya protini, halafu unazishona kwa takwimu: kutoka mkao huu, uwezekano wa kwenda ule ni kiasi gani? Hizo ndizo modeli za Markov. Uzuri wake ni kwamba safari fupi zinaweza kugawanywa kwa watu. Mradi wa Folding@home, ulioanzishwa na Vijay Pande wa Stanford mwaka 2000, hutumia kompyuta za watu wa kawaida majumbani mwao. Mwaka 2020, wakati wa janga la korona, zilijiunga nyingi kiasi kwamba kwa pamoja zilipita hesabu bilioni bilioni moja kwa sekunde.

KICHWA NGUMU
Kwa heshima zote mleta uzi, mimi ni mtu wa maabara, na nina neno. Nimekaa kwenye mawasilisho mengi ambako protini inachezeshwa kwenye skrini, rangi nzuri, halafu mwisho mtu anasema "hii inaeleza usugu". Usugu ulishajulikana miaka kumi nyuma! Baada ya tukio kila mtu ni nabii. Mmewahi kutabiri kitu kabla?

MLETA UZI
Hilo neno ni la haki, na nusu yake nakupa bila ubishi. Fani yetu ina maelezo mengi ya baada ya tukio. Ukiwa na nanosekunde 100 za protini ya kawaida na 100 za iliyobadilika, tofauti hutakosa kuiona hata kama mabadiliko hayana maana yoyote, kwa sababu hata protini moja ukiirudia mara mbili hazifanani. Mtu akiniletea kazi ya namna hiyo bila marudio, siendelei kuisoma.

Nusu nyingine nakataa. Mwaka 2004 kundi la McCammon lilichapisha simulesheni za intigresi ya VVU, kimeng'enya kinachopachika jeni za kirusi kwenye jeni zetu. Waliona mtaro pembeni ya kishimo ambao haukuonekana kwenye picha za fuwele. Unafunguka na kufunga, na dawa ingeweza kuutumia. Miaka mitatu baadaye, 2007, dawa ya kwanza ya kuzuia intigresi, raltegravir ya kampuni ya Merck, iliidhinishwa. Sisemi simulesheni ndiyo iliyoizaa dawa. Dawa huzaliwa na wanakemia wengi na miaka mingi. Nasema kitu kilionekana kwenye kompyuta kabla ya kuonekana kwenye fuwele.

Mfano wenye namba: mwaka 2018 watafiti walichukua mabadiliko 144 ya kinezi ya Abl, kimeng'enya kinacholengwa na dawa za saratani ya damu, yaliyokutwa kwa wagonjwa, wakakokotoa jinsi kila moja linavyobadilisha nishati ya dawa kujishika. Waliainisha sawasawa asilimia 88, yaani lipi linaleta usugu na lipi halileti. Si mbaya.

Lakini ngoja nikupe na silaha ya kunipigia. Kwenye joto la kawaida, dawa ikipoteza kilokalori 1.4 hivi kwa moli, mshiko wake unapungua mara kumi. Makosa ya hesabu zetu yanazunguka kwenye kilokalori moja. Kwa hiyo badiliko linalopunguza mshiko mara mia tutalikamata, ila linalopunguza mara tatu tunabahatisha, na kwa mgonjwa hata mara tatu inaweza kuwa na uzito.

MFAMASIA
Naomba kuchomekea. Kwenye VVU sisi tunaona darunavir, dawa nyingine ya kuziba protiezi, ikistahimili pale ambapo ndugu zake wa awali walishaanguka. Hii nayo inahusiana na huo mwendo?

MLETA UZI
Inahusiana, ila si kwa mwendo peke yake. Kuna wazo la Celia Schiffer na wenzake wa Massachusetts ninalolipenda kuliko mengi kwenye fani hii. Waliipiga picha protiezi ikiwa imeshika vipande mbalimbali vya mnyororo wake wa asili. Vipande hivyo vina herufi tofauti kabisa (kila asidi amino tunaiandika kwa herufi moja), lakini vikikaa kwenye kishimo vinachukua umbo moja, nafasi ile ile. Sasa dawa ikijibana ndani ya nafasi hiyo tu, kirusi kinakwama: badiliko lolote linaloisumbua dawa linasumbua pia chakula chake mwenyewe. Dawa ikichomoza nje ya nafasi hiyo, pale inapochomoza ndipo kirusi kitakapobadilisha.

Darunavir, iliyoidhinishwa 2006, haichomozi sana, na tena inajishika kwenye uti wa mgongo wa protini, yaani uzi unaounganisha asidi amino zake, ambao haubadiliki herufi zinapobadilika. Haimaanishi haina usugu. Upo, ila kirusi kinalazimika kulimbikiza mabadiliko mengi, na mengi kati ya hayo ni ya mbali na kishimo. Hapo ndipo sisi watu wa mwendo tunaitwa tena.

MDADISI
Na saratani je? Maana umetaja hiyo Abl, na kule hakuna kirusi.

MLETA UZI
Kule ni seli zetu wenyewe, lakini uteuzi ni ule ule: seli iliyobahatika kubadilika inabaki, nyingine zinakufa. Imatinib iliidhinishwa 2001 kwa saratani ya damu aina ya CML, na mwaka huo huo likaripotiwa badiliko la T315I. Hili ni la kufuli na ufunguo kweli, sikatai: threonini iliyokuwa ikishikana na dawa inakuwa isoleusini, haishiki tena na inabana njia. Wanakemia wakajibu kwa ponatinib, 2012, yenye kifungo cha mara tatu cha kaboni, chembamba, kinachopita kando ya ile isoleusini. Na mwaka 2021 ikaja asciminib, ambayo haiendi kwenye kishimo hicho hata kidogo; inakaa kwenye kishimo kingine mbali na kuilazimisha kinezi ikae mkao wa kutofanya kazi.

Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Kuna kinezi inaitwa Src, ndugu wa Abl. Vishimo vyao ukivilaza kimoja juu ya kingine, mahali imatinib inapogusa panafanana karibu kabisa. Lakini imatinib huishika Abl mara 3,000 zaidi. Kwa picha tuli huwezi kulieleza hilo. Kundi la Dorothee Kern wa Chuo Kikuu cha Brandeis lilipima hatua kwa hatua na kuonyesha kwamba tofauti kubwa inakuja baada ya dawa kuingia: Abl inajikunja kuikumbatia na kukaa hapo, Src haifanyi hivyo vizuri.

Halafu kuna N368S, badiliko la Abl lililochapishwa 2021. Ukipima mshiko wa imatinib kwa njia ya kawaida, unakuta uko sawa na wa protini isiyobadilika. Ungesema halina hatia. Lakini dawa inatoka haraka zaidi. Inaingia haraka na kutoka haraka, kwa hiyo jumla inabaki ile ile. Mwilini kiwango cha dawa hupanda na kushuka kati ya dozi na dozi, na dawa inayong'ang'ania haifanyi kazi sawa na ile inayoachia upesi. Kipimo cha mshiko kilikuwa sahihi, ila kilijibu swali lingine.

MWANAFUNZI WA FIZIKIA
Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa pili fizikia, baiolojia niliiacha zamani. Nimesoma uzi wote na damu inachemka. Njia ya kuingia ikoje? Na je, lazima niwe mkali wa kompyuta?

MLETA UZI
Marahaba. Usihofu kuhusu baiolojia, utaipata njiani. Wengi wetu tumetoka fizikia, kemia au hisabati. Usichoweza kukikwepa ni takwimu za fizikia ya joto: usambazaji wa Boltzmann, nishati huru, entropia. Mtu asiyeelewa kwamba protini ni umati wa mikao yenye uzito tofauti ataendesha programu vizuri sana na kusoma matokeo vibaya sana.

Programu zenyewe hazina siri. GROMACS, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Groningen, ni ya bure na mafunzo yake yapo wazi mtandaoni. OpenMM pia ni bure, na unaiandikia kwa Python. Jifunze Linux hadi ikuchoshe. Anza na kitu kidogo, peptidi ya asidi amino mbili ndani ya maji, uone mwenyewe jinsi inavyokataa kuvuka kutoka mkao mmoja hadi mwingine mpaka ukate tamaa. Utajifunza hapo kuliko kwenye mihadhara.

Njia ndefu ni shahada, uzamili, uzamivu, kisha miaka kadhaa ya utafiti wa mkataba kabla ya kupata nafasi ya kudumu, na nafasi hizo ni chache kuliko wanaozitaka. Kampuni za dawa huajiri watu wetu, hasa wanaojua kukokotoa nishati huru, na huko kasi ni nyingine: mwanakemia anataka jibu kabla hajaitengeneza molekuli, si baada ya makala kuchapishwa. Chuoni una uhuru wa kukaa na swali moja muongo mzima, ila utatumia sehemu kubwa ya muda kuomba fedha na kuomba saa za kompyuta kuu. Hakuna anayekwambia hilo mapema. Kazi inakaa kwenye foleni, inaanza usiku wa manane, inakufa kwa sababu diski imejaa.

Ukichagua kundi la kusomea, angalia kama lina watu wa maabara karibu. Wa NMR hasa, kipimo kinachotumia sumaku kusikiliza atomi, maana wao wanaupima mwendo moja kwa moja, na hutakuwa na pa kujificha.

MDADISI
Swali langu la mwisho mkuu. AlphaFold, ile programu ya akili bandia ya kutabiri miundo ya protini, si imemaliza haya? Nasikia imetoa miundo ya kila protini.

MLETA UZI
Zaidi ya milioni 200, kweli, na Nobeli ya Kemia ya 2024 kwa Demis Hassabis na John Jumper, pamoja na David Baker, ni halali yao. Imetupunguzia kazi ya kutafuta pa kuanzia. Lakini kwa kawaida inakupa mkao mmoja, ule unaofanana na fuwele, na ukibadilisha herufi moja mara nyingi inakurudishia picha ile ile. L90M itaonekana kama hakijatokea kitu. Watu wanafundisha mashine mpya zitoe umati wa mikao badala ya mmoja, na zinaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Zikifika, nitabadilisha zana. Swali langu halitabadilika.

KICHWA NGUMU
Sawa, umejitetea vizuri. Sasa mimi nafanya kazi na beta-laktamezi ya TEM, ile ya bakteria inayovunja penisilini. Kwetu badiliko la G238S linampa bakteria uwezo wa kuvunja antibiotiki ya cefotaxime, lakini kimeng'enya kinalegea na kuharibika upesi. Linakuja M182T, mbali kabisa na kishimo, linakikaza tena. Mmoja analeta uwezo, mwingine analipa deni. Hiyo tunaijua vitabuni. Nina mabadiliko kadhaa ambayo nimeyapima na sijayachapisha. Nikikupa majina bila namba, utakubali kutabiri?

MLETA UZI
Nakubali, kwa masharti mawili. La kwanza, changanya na yale ambayo umeyapima ukakuta hayafanyi chochote, tena yawe mengi, vinginevyo nitasema "usugu" kila mahali na kuonekana bingwa. La pili, utabiri wangu nauweka hapa hapa kwenye uzi kabla hujafungua daftari lako, pamoja na makadirio ya makosa kwa kila namba. Na uniambie ulipima nini hasa: uthabiti, mshiko, au kasi ya kuvunja dawa. Kama ni kasi ya kuvunja, nipe muda zaidi, maana hapo lazima niingize hesabu za fizikia ya kwantamu kwenye kishimo, na foleni ya kompyuta wiki hii imejaa.

KICHWA NGUMU
Kasi ya kuvunja na uthabiti, vyote viwili. Majina nakutumia leo.